Safari ya Huntingdon na Amplifaya ya Baba Mdogo

Amplifaya ya marehemu baba yangu mdogo iliundwa Huntingdon, mji mdogo kaskazini mwa London, ikafika Tanga kwa meli ndani ya masanduku ya meneja mmoja wa shamba la mkonge. Mashamba mengi yalipotaifishwa mwaka 1967, meneja akarudi kwao na amplifaya ikabaki. Baba mdogo alikuwa fundi redio pale Ngamiani, kwenye zile barabara zetu zinazoitwa kwa namba. Aliinunua, akaitunza maisha yake yote. Ni Quad II, chuma kitupu kizito kilichopakwa rangi ya shaba iliyofifia, na juu yake zimesimama valvu tano za kioo. Mbili kubwa ni KT66, mbili ndogo ni EF86, na moja ni GZ32 inayogeuza umeme wa ukutani kuwa mkondo mnyoofu.

Baada ya msiba ilikaa stoo miaka mingi, na stoo za Tanga tunazijua, chumvi na unyevu wa bahari haviondoki humo. Siku moja wajukuu wakaichomeka ili wasikie santuri za taarabu za kikundi cha Black Star alizoziacha babu yao. Ilipiga kwa muda, sauti ikaanza kukwaruza, kisha moja ya zile KT66 ikawa nyekundu. Uzi wa ndani ya valvu huwaka kila siku, na huo si ugonjwa. Safari hii lililowaka ni bamba lenyewe la chuma linalouzunguka uzi. Harufu ya kuungua ikajaa chumba na mtu akawahi kuchomoa waya. Kila aliyekuja kuitazama baada ya hapo alitoa hukumu moja kwamba valvu imekufa, na valvu za namna hiyo hazipatikani tena.

Mimi nimefundisha fizikia sekondari kwa muda mrefu. Fomula ya kapasita nimeiandika ubaoni hadi mkono unaijua wenyewe, lakini sikuwahi kuiona kapasita ikifa ndani ya mashine na kuangusha vilivyo vikubwa kuliko yenyewe. Hukumu ile ya valvu haikuniingia akilini. Valvu haijichomi bila sababu, kuna kitu kinachoiamuru ipitishe umeme kupita kiasi. Kwa hiyo mpwa wangu anayesoma London aliponialika kwenye mahafali yake, nami sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, niliamua kwamba amplifaya itakwenda nami mpaka mji ilikotoka.

Ina kilo nane na ushei. Valvu nilizichomoa, nikazifunga moja moja kwa vipande vya kanga na kuzipanga kwenye begi la mkononi. Mwili wake nilikataa katakata kuutia kwenye mzigo wa chini ya ndege, kwani transfoma nzito ikidondoshwa vibaya hupinda chuma kilichoibeba. Pale Uwanja wa Julius Nyerere afisa wa ukaguzi aliniomba niitoe. Akaizungusha, akaigonga kidogo kwa kidole, akauliza ni nini. Nilimwambia ni mashine ya kukuzia sauti, ya kabla ya transista kuenea. Akamwita mwenzake aliyemzidi umri, naye hakuhitaji maelezo. Kwao Moshi kulikuwa na redio ya namna hiyo, inayongoja ipate moto kwanza ndipo iseme. Aliirudisha kwenye begi kwa mikono yake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejua uzito wake.

London sitaieleza kwa urefu, wengi wameieleza. Tulitua alfajiri ya Novemba na baridi ilinipokea mlangoni mwa ndege. Mpwa wangu alikuwa ananisubiri na koti zito alilonikopea. "Shikamoo, Mjomba," akasema, kisha akaliona begi. "Hiyo ndiyo yenyewe?" Ndiyo yenyewe. Njia nzima ndani ya treni nilikaa nimeipakata.

Mahafali yalipita vizuri na Mungu alimjalia. Kilichonifundisha kitu kuhusu jambo langu ni nyumba moja ya matofali kusini mwa jiji, West Dulwich, umbali wa kutembea kutoka kituo cha treni. Humo mna makumbusho ya redio na televisheni za zamani za Uingereza. Aliyeyaanzisha ni Gerald Wells, aliyezaliwa katika nyumba hiyohiyo mwaka 1929 na kufariki mwaka 2014. Unaomba miadi kwanza, kisha unafunguliwa mlango na watu wanaojitolea. Vyumbani, kwenye korido na kwenye mabanda ya bustanini, redio zimepangwa kutoka sakafu hadi dari. Nilisimama muda mrefu mbele ya redio za masafa mafupi za miaka ya 1950, za aina zilizokuwa zikipokea matangazo huku kwetu baada ya Sauti ya Dar es Salaam kuanza mwaka 1951. Nyingine zilitengenezwa mahsusi kwa nchi za joto, vipuri vyake vikipewa kinga ya ziada dhidi ya unyevu.

Nilimweleza mmoja wa wenyeji wangu habari ya bamba lililokuwa jekundu. Hakuniuliza valvu ilikuwa ya mwaka gani. Alinipeleka kwenye banda la kazi, akanionyesha boksi limejaa vipuri vilivyong'olewa, vya mviringo, vingi vya rangi ya kahawia na vyeusi, nta imetoka jasho kwenye ncha zake. Vyote vilikuwa kapasita za karatasi. Alisema kwamba redio nyingi zinazoletwa pale zikiwa zimekufa, zimeuawa na hizo, na kwamba valvu ni kati ya vitu vya mwisho kuvishuku. Kisha akaniandikia anwani ya mhandisi mstaafu wa Godmanchester, ng'ambo ya mto kutoka Huntingdon, aliyezitengeneza Quad kwa miaka mingi, na akampigia simu mbele yangu.

Treni ya kwenda huko huchukua kama saa moja kutoka katikati ya London. Baada ya nyumba za mjini kuisha, inapita juu ya daraja refu la matofali la Welwyn, lenye matao 40, lililofunguliwa mwaka 1850, na bonde linaonekana chini kabisa. Kisha vituo vinafuatana, Stevenage, Hitchin, Biggleswade, Sandy, St Neots, na ardhi inazidi kulala. Nilipofika Huntingdon nilikuta mji mtulivu wenye mto Great Ouse na daraja la mawe la karne ya 14, jembamba hivi kwamba magari hupita kwa zamu. Wenyeji hukuonyesha kwanza mahali alipozaliwa Oliver Cromwell mwaka 1599. Mimi nilikuja kwa ajili ya mwingine, Peter Walker, aliyeanzisha kampuni ya Acoustical Manufacturing huko London mwaka 1936. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza kumwaga mabomu juu ya London, kampuni ikahamia Huntingdon mwaka 1941, na hapo ndipo Quad II ilipozaliwa mwaka 1953. Wati 15 tu! Leo redio ndogo ya kubeba hutangazwa kwa wati mia, lakini zile 15 zilipimwa kwa uaminifu, na amplifaya hiyo iliendelea kuundwa hadi karibu na mwaka 1970.

Karakana ya mzee yule ilikuwa kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, kina joto, kinanuka risasi ya kulehemu na vumbi la moto. Nilipoiweka amplifaya mezani hakuigusa mara moja. Aliinama akainusa. Kisha akaipindua, akafungua skrubu za bamba la chini na kuniita nitazame.

Ndani mlikuwa na usafi ulionishangaza, vipuri vimepangwa safu kwenye ubao mwembamba na kila waya umekunjwa kwa pembe. Mahali pamoja tu pameharibika, rezista moja imegeuka nyeusi na ubao chini yake umeiva rangi ya kahawia. Ni rezista ya omu 180 ambayo KT66 zote mbili huitegemea, kwa kuwa mkondo wote wa valvu hizo hupita hapo kabla ya kurudi kwenye chasi. "Huyu si mwizi," alisema mzee akiigusa kwa ncha ya bisibisi. "Huyu ni shahidi."

Akaanza na kile ambacho kingekuwa msiba wa kweli, yaani transfoma. Alipima nyuzi za transfoma ya kutolea sauti, nusu hii na nusu ile, na vipimo vikakaribiana. Nilishusha pumzi. Kila kitu kingine kwenye mashine ile kina badala yake. Transfoma ile, iliyosukwa kwa namna yake na kubeba hata nyaya za kathodi za valvu kubwa, ndiyo amplifaya yenyewe.

Hapa inafaa nieleze kapasita tuliyokuwa tunaitafuta inafanya nini. Valvu ndogo, EF86, hupokea sauti dhaifu na kuikuza kiasi, kisha kuikabidhi kwa KT66 iikuze iweze kusukuma spika. Tatizo ni kwamba mahali sauti inapotoka kwenye EF86 pana volti nyingi chanya za mkondo mnyoofu, na gridi ya KT66 inayoipokea haitakiwi kuguswa na volti hizo. Kati yao huwekwa kapasita ya mikrofaradi 0.1. Kazi yake ni kama ya ukuta kati ya vyumba viwili, sauti ya jirani unaisikia lakini jirani mwenyewe hapiti. Sauti ni mkondo geu, nao hupita. Volti za mkondo mnyoofu huzuiliwa.

Sasa angalia ukuta huo ulijengwa kwa nini. Kapasita za wakati ule zilikuwa utepe mrefu wa karatasi iliyoloweshwa nta au mafuta, umewekwa kati ya tepe mbili za karatasi ya alumini na kuviringishwa pamoja. Karatasi hunyonya maji. Muhuri wa ncha ukipasuka hata kidogo, unyevu huingia mwaka baada ya mwaka, na umeme nao hupata njia nyembamba ya kuvuja. Mashine ikikaa ndani ya nyumba kavu hilo huchukua miongo mingi. Kwenye stoo iliyo karibu na Bahari ya Hindi sidhani kwamba inahitaji muda mrefu hivyo.

Mzee aliniuliza ninafanya kazi gani. Nilipomjibu, alifurahi, akasema basi tutafanya kwa mpango wa darasa. Aliziondoa KT66 zote mbili zisije zikaumia tena. Akaipa amplifaya umeme polepole, kupitia transfoma yenye mpini wa kuzungusha na balbu ya uzi ya wati 60 iliyounganishwa kwa mfuatano. Balbu hiyo ni mlinzi. Kukiwa na hitilafu kubwa, ndiyo inayowaka badala ya mashine kuungua. Kapasita kubwa za elektroliti, zile za kulainisha umeme, zilihitaji subira kuliko zote. Ndani yake ulinzi wote ni utando mwembamba sana wa oksidi juu ya alumini, nao hudhoofika kapasita isipotumika. Ukizipiga volti zote kwa ghafla baada ya miaka, zaweza kupasuka. Tulikunywa chai huku volti zikipanda kidogo kidogo.

Kisha akachukua mita ya AVO 8 ya mshale, ile nyeusi kubwa ambayo mafundi wengi wa Kiingereza waliitumia kwa nusu karne, akaigusisha kwenye gridi ya KT66 ambako palipaswa kuwa na sifuri. Mshale ukasimama kati ya 3 na 4. Akaiweka pembeni na kuchukua mita ya kidijitali, akagusa palepale. Volti 13 na nukta. Akanigeukia, akanyamaza.

Nilielewa, na sitaisahau raha ya kuelewa huko. Gridi ile imefungwa kwenye chasi kupitia rezista ya kiloomu 680. Mita ya mshale kwenye masafa ya volti 10 ina ukinzani wa kiloomu 200 tu, hivyo yenyewe inanyonya kile inachokuja kukipima. Mita ya kidijitali ina megaomu 10, hainyonyi sana. Ukiitibu amplifaya hii kwa mita ya mshale peke yake, utaona volti chache na kusema hali si mbaya. Kumbe ni mbaya. Upande wa EF86 tulipima volti mia moja na kidogo. Nikaomba kalamu. Kama volti 100 zinavuja na, ukirudisha kidogo kilichonyonywa na mita, kuacha volti 14 hivi juu ya kiloomu 680, basi kapasita, ambayo ingepaswa kuwa na ukinzani usio na mwisho kwa mkondo mnyoofu, imebaki na megaomu 4 hivi. Niliandika 4.2 na kupiga mstari chini yake.

Kwa valvu matokeo yake ni haya. Katika Quad II iliyo salama, kathodi za KT66 hukaa volti 26 hivi juu ya chasi, na gridi hukaa sifuri. Kwa hiyo gridi huwa hasi kwa volti 26 ikilinganishwa na kathodi, na uhasi huo ndio hatamu ya valvu. Ukipandisha gridi kwa volti 14, hatamu imelegea. Mkondo unaongezeka, rezista ya omu 180 inachemka, na bamba linakuwa jekundu. Valvu iliyohukumiwa pale Tanga ilikuwa inatii amri tu.

Umeme ukazimwa. Mzee hakuingiza mkono. Alichukua rezista kubwa yenye waya na kibanio, akaziondolea chaji kapasita za umeme mkubwa kwa kuigusisha, akangoja, akapima, akagusisha tena, maana kapasita iliyokwisha kumwagwa huweza kujirudishia volti kidogo yenyewe, zikitoka ndani ya kihami chake. Mkono wake wa kushoto ulikuwa mfukoni muda wote. Mashine hii ina volti 330 na zaidi, na mkondo ukipita kutoka mkono hadi mkono hupitia moyoni. Tangu mwanasayansi Musschenbroek aliposhtuliwa na chupa yake huko Leiden mwaka 1746 tumejua kwamba chombo kinachohifadhi chaji hakisahau upesi, na bado mafundi wanakufa kwa hilo. Mwanafunzi yeyote anayesoma hapa ashike hilo kabla ya mengine yote.

Akazilehemua kapasita mbili za karatasi, mguu mmoja mmoja. Kwanza akazipima kwa mita ndogo ya kapasita. Ile mbaya ilisoma mikrofaradi 0.13, zaidi ya iliyoandikwa ubavuni mwake. Fundi wa haraka angesema ni nzima, tena imezidi! Mita ndogo hupima kwa volti chache, na kwa volti chache ugonjwa huu hujificha, hata kipimo kinaweza kupanda. Ndipo akaiunganisha na mita ya kupimia vihami, ya volti 250. Ile iliyotoa volti 14 ilionyesha megaomu 4. Ile nyingine ilionyesha 10 na ushei. Kisha akapima mpya ya plastiki kutoka kwenye droo, na mshale ukaenda mpaka mwisho wa kipimo ukakaa huko. Mzee alikitazama kikaratasi changu chenye 4.2, akakibandika ukutani juu ya meza yake.

Nilitaka kuona ndani. Alivaa glavu, kwa sababu mafuta ya baadhi ya kapasita za zamani yana kemikali za sumu zilizokwisha kupigwa marufuku, akapasua moja kwa kisu juu ya gazeti na kuufungua utepe wake. Karatasi ilikuwa ya manjano, na karibu na ncha imekuwa ya kahawia, laini, inachanika kwa kuguswa. Utepe ulipita ukingo wa meza. Kuna pahali doa dogo jeusi lilikuwa limetoboa kutoka alumini moja hadi nyingine. Nilimaliza mwaka mzima wa masomo katika dakika hizo.

Kubadilisha kwenyewe ni kazi fupi. Kapasita mpya ni za polipropilini, mikrofaradi 0.1, zenye uwezo wa volti 630, ndogo kuliko zile za zamani. Miguu ikunjwe na ishike kwenye kigingi kabla ya risasi kuwekwa, ili risasi ifanye kazi ya kuunganisha na si ya kubeba. Mzee aliniachia chuma cha kulehemu kwa ile ya pili na kuangalia bila kusema. Rezista iliyoungua tuliiondoa na kuweka mpya ya omu 180 yenye wati nyingi zaidi, na kapasita ya elektroliti ya mikrofaradi 25 iliyokaa kando yake, iliyopikwa na joto lile, nayo ikabadilishwa.

Wako watu, nao ni wengi, wanaoficha kapasita mpya ndani ya ganda la zamani ili mashine ionekane haijaguswa. Kwa kifaa cha makumbusho ninaelewa. Kwa amplifaya itakayopigiwa muziki sikubaliani nao. Anayekuja kuifungua baada yangu ana haki ya kuona palipotibiwa na kwa nini. Mzee aliandika tarehe na vipuri kwenye karatasi ndogo akaibandika ndani ya bamba la chini, nami nikamwongezea mstari wa Kiswahili kwa ajili ya fundi wa Tanga atakayeifungua siku moja. Vivyo hivyo sikubaliani na wale wanaong'oa kila kitu kwa pamoja, hata rezista zilizo nzima, kwa imani kwamba kipya ni bora. Tulipima kila moja, iliyo sawa ikabaki.

Umeme ukarudi bila KT66. Gridi zote mbili zikasoma sifuri. Valvu zenyewe alizipima kwenye mashine yake ya kupimia valvu. Ile iliyowaka nyekundu ilikuwa imepungua nguvu lakini bado hai, inafaa kwa miaka. Akazirudisha mahali pake. Balbu ya ulinzi ikawaka kidogo, ikafifia. GZ32 haina haraka, kathodi yake hupata moto taratibu, kwa hiyo volti kubwa zilipanda valvu nyingine zikiwa zimekwisha kuamka. Kathodi zikasimama kwenye volti 25 na nukta 8.

Spika iliyokuwa kwenye kibanda ilikuwa Quad pia, ile ya umemetuli iliyotoka mwaka 1957, pana na nyembamba, isiyo na koni, bali utando mwembamba unaovutwa na kusukumwa na umeme. Amplifaya hii huhitaji volti 1.4 tu mlangoni kutoa wati zake zote, kwa hiyo simu ya mpwa wangu ilitosha kuilisha. Alikuwa amenifuata kwa treni ya mchana, akauliza, "Mjomba, tuweke nini?" Nikamwambia aweke taarabu ya Tanga. Ikaanza na fidla, kisha ngoma, kisha sauti ya Bi Shakila ikatokea katikati ya chumba, si kutoka kwenye spika bali pale penyewe, na pumzi zake zinasikika kati ya beti. Mzee wa Godmanchester hakujua neno hata moja. Aliomba irudiwe, kisha akaomba ya pili. Giza la Novemba lilikuwa limeingia saa kumi jioni, na hatukuwasha taa mpaka chai ilipokwisha.

Malipo alikataa, alichukua bei ya vipuri tu, kiasi kidogo mno ukilinganisha na bei ya transfoma moja ya namna hiyo. Amplifaya imerudi Tanga, haikai stoo tena, ipo sebuleni juu ya kabati, mbali na ukuta ili ipate hewa.

Kwa hiyo ndugu msomaji, iwe uko Tanga, Mombasa, Unguja au Lamu, kama nyumbani kwenu kuna redio au amplifaya ya valvu iliyokaa bila kutumika, usiichomeke ili kuona kama inafanya kazi, wala usiiuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Ipeleke kwa fundi anayejua kumwaga chaji kabla ya kuingiza mkono. Mwambie aanze na kapasita za karatasi zilizo kati ya valvu ndogo na valvu kubwa, azipime kwa volti nyingi na si kwa mita ndogo, na aweke za plastiki za volti 630, ambazo wauza vipuri wa Kariakoo wanazijua. Akikwambia kwanza kwamba valvu imekufa, muulize amepima volti ngapi kwenye gridi.